Mama, Kemunto Amelala

Mkwe wangu akipiga simu alikuwa anakohoa kwanza. Haikuwa kikohozi ya ugonjwa, ilikuwa ya kubisha hodi. Khm. Halafu ananyamaza mpaka mimi niseme ee. Halafu, "Mama." Ananyamaza tena. "Bwakire." Hiyo ni salamu yetu. Kati ya mama na bwakire ungeweza kwenda kisimani na urudi. Nikimwigiza hivi watu wanashika mbavu, wanasema ni yeye, ni yeye kabisa. Nacheka na wao. Wakishaenda najaribu tena peke yangu jikoni, na hapo sauti inakataa kutoka.

Tulimzika kwao Nyamache, na mimi nilisimama mbali vile mama mkwe husimama. Mambo ya kaburi wacha yakae huko. Nataka mjue alivyokuwa.

Alikuwa mrefu, mwembamba, anatembea kama mtu ameweka mayai mfukoni. Mwavuli alibeba hata jua likiwaka. Aliogopa jogoo wangu. Mtu anaongea na wazungu siku nzima kwa kompyuta, halafu anasimama hapo kwa lango anaita kwa sauti ndogo, "Mama, naomba umfunge huyo."

Huku kwetu mama mkwe na mkwe hawazoeani. Tunaita chinsoni, ni heshima ya wakwe. Hamsalimiani kwa mkono. Hali chakula ukimwangalia. Humwoni akiwa amelala, na yeye hakuoni bila kitambaa kichwani. Hamkai chumba kimoja. Vijana siku hizi wanasema hiyo ni ya zamani, unaona mtu kwa harusi anakumbatia mama ya bibi yake kama anabeba gunia. Wangu hakuwa hivyo. Nikitokea kwa njia, anaingia ndani ya majani chai ya watu mpaka nipite. Nilikuwa nampikia ugali ya wimbi na mboga ya chinsaga, naweka kwa stuli hapo mlangoni, naenda kwa ng'ombe. Nikirudi sahani imeoshwa na imefunikwa. Kemunto, jirani yangu wa ng'ambo ya ua, aliona hiyo sahani akasema, "Wangu ananiachia yake mpaka nzi wanaanza kujenga."

Kazi yake alinieleza yeye akiwa nje na mimi nikiwa ndani.

"Mama, unajua ile mashine ya kupoza maziwa pale kituo?"

"Naijua."

"Ndani yake kuna kibao kidogo, kama kipande ya sabuni. Hiyo ni kompyuta. Haina kioo, haina mahali pa kuandikia, lakini inafikiria."

"Inafikiria nini?"

"Inafikiria maziwa."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Basi imenishinda mimi."

Akili ya hivyo vibao inaitwa Linux, na kuna watu Ulaya ambao wanaibadilisha kila mara. Kabla akili mpya haijapelekwa kwa mashine ya maziwa na friji za chanjo, lazima ijaribiwe kwa vibao vyenyewe, kimoja kimoja, ionekane kama vitaamka ama vitakufa. Sasa wale watu wako Ulaya, mkwe wangu ako kwake Nyanchwa, na vibao viko kwangu Manga, kwa ile nyumba ya mabati kando ya barabara. Ni binti yangu Moraa alitafuta hiyo nafasi. Alimwambia bwana yake, "Nyumba ya mama iko tupu, mlingoti wa mtandao uko juu yake, na kule ni baridi. Vibao vyako si vinapenda baridi?" Vinapenda. Akavileta kwa boda boda vimefungwa kwa blanketi kama mtoto anatoka kliniki. Kemunto akaja mbio kwa ua. "Mkwe wako amehamia? Ni yeye ameolewa siku hizi?"

Kila kitu ilipita kwa mtandao. Anakaa Nyanchwa, anatuma akili mpya, kibao kinajizima, kinaamka, kinasema maneno yake kwa waya, na yeye anayasoma huko kama ako hapa. Shida ilikuwa moja tu. Kibao kikikwama hakisikii mtandao. Unakiita, kimenyamaza. Dawa yake ni kukata umeme na kurudisha, na hapo lazima kuwe na mkono wa mtu. Huo mkono ulikuwa wangu.

Mimi shule sikuenda, namba sisomi. Alitaka kufunga uzi wa rangi kwa kila kimoja. Nikamwambia, "Tata," maana mkwe tunamwita tata, ni kama baba, "tata, rangi nitachanganya. Wacha nivipe majina ya watu, watu siwezi kuchanganya." Kilichochelewa kuamka, halafu kikiamka kinazunguka maneno mengi kabla ya kufika kwa jambo, nikakiita Pasta. Kilichokuwa moto kila saa nikakiita Shemeji. Kilichokuwa hakifanyi kitu mpaka usimame karibu yake nikakiita Askari. Na kile chenye taa haipumziki, inamulika, inamulika, inamulika, hicho ni nani tena.

Basi simu ikawa hivi. Khm. Mama. Bwakire. "Kemunto amelala."

"Amelala vipi?"

"Nimemwita, hajibu."

"Mvivu huyo."

Naenda, nachomoa waya, nangoja kidogo vile alinifunza, narudisha. "Ameamka?"

"Ngoja. Bado. Anapiga miayo. Eee, ameamka, mama. Mbuya mono, vizuri sana."

Nilidhani ni mchezo wa sisi wawili. Kumbe yale majina aliyaandika kwa ripoti. Wazungu nao wakaanza kumwandikia, tafadhali angalia Kemunto, Kemunto amefeli tena. Alikuwa ananisomea hiyo kwa simu, na mimi sauti ya simu naweka juu kwa sababu ya masikio, na Kemunto mwenyewe anapita na kikapu ya majani chai mgongoni.

"Nani amefeli?"

"Wewe."

"Nimefeli wapi?"

"Ulaya."

"Mimi? Hata Kisumu sijafika." Aliweka kikapu chini tukamweleza. Alinuna mpaka jioni. Baadaye ikawa akipita asubuhi anauliza, "Leo nimepita?" na nikimwambia amepita anatembea vizuri siku hiyo yote.

Alikuwa mpole, lakini alikuwa na kisirani yake. Ukimwambia "iko sawa" anakasirika. Hapo hata kukohoa anasahau. "Mama, usiniambie iko sawa. Niambie umeona nini." Naona taa. "Taa gani?" Ya kijani. "Usiamini taa, mama. Taa inaweza kuwaka na ndani hakuna mtu." Mimi nikajifunza kuangalia, kusikiza kama feni inazunguka, kugusa kama kimepoa, na kusema hicho tu. Sasa huyo huyo mtu, ukimuuliza yeye habari ya mwili wake, miaka yote jibu ni lile lile. Iko sawa, mama.

Na Sabato je. Alikuwa Msabato wa kweli. Jua ya Ijumaa ikiingia, hashiki kompyuta, hata ujumbe ya Ulaya hasomi. Lakini vibao viliendelea kufanya kazi, maana alikuwa amevipangia vijitumie akili na vijijaribu vyenyewe. Mzee wa kanisa alisikia. Akaja mpaka hapa Manga siku mkwe wangu alikuwa na vibao vyake, akasimama mbele ya mlango, mikono nyuma. Huyo mzee anaongea kama amefunga mdomo na kamba. "Ndugu. Hizi mashine zako. Zinapumzika Sabato?" Mkwe wangu akaangalia chini. "Mzee, hizi hazijabatizwa." Yule mzee mabega yakaanza kutingika. Alicheka mpaka akaomba maji.

Mvua nayo. Kuna mchana alikuja kubadilisha waya na akanikuta ndani ya nyumba ya mabati, nimeingia kujikinga. Hawezi kuingia, mimi niko. Siwezi kutoka, inanyesha mawe. Akasimama nje na mwavuli wake. Simu yangu ikalia.

"Mama. Uko ndani?"

"Niko."

"Mimi niko nje."

"Naona viatu."

"Askari amelala."

"Ngoja nifike kwa Askari."

Kemunto alikuwa kwa dirisha yake anaangalia. Akapaza sauti kushinda mvua, "Nyinyi watu, mko boma moja mnapigiana simu ya nini?"

Moraa wangu alikufa akijifungua. Yeye na mtoto. Hiyo nimeisema na sitairudia.

Baada ya matanga watu wakaanza kuhesabu. Hana mtoto hapa, kitu gani kinamleta? Ndugu zake wakamwambia aoe, achukue mali yake, amwache mama wa watu apumzike. Na walikuwa na haki. Mkwe ambaye hana bibi na hana mtoto kwako ni mtu wa kusalimia tu kwa soko. Mimi nilikaa jikoni nikangoja nisikie boda boda ya kubeba vibao. Nilijua akienda na hivyo vibao ameenda. Watoto wangu wengine wako Nairobi, wananipenda kwa Krismasi. Yeye ndiye alibaki anajua vile Moraa alikuwa anacheka akificha meno.

Boda boda haikuja. Simu ikalia. Khm. Mama. "Bwakire. Pasta amelala."

Nikaenda nikamwamsha Pasta.

Mkwe na mama mkwe hawawezi kukaa wakalia pamoja. Siwezi kumuuliza unalala? Hawezi kuniuliza umekula? Lakini anaweza kuuliza, "Mama, huko kuna baridi? Shemeji amepoa sana leo," na mimi namwambia kuna baridi, nimevaa sweta. Anaweza kuuliza umechukua muda kufika kwa nyumba, ni magoti? Namwambia ni magoti. Kesho yake boda boda inaleta dawa ya kuchua. Mimi nasema, "Tata, leo unaongea pole pole, mtandao ni mbaya?" Anasema, "Ndio mama, ni mtandao." Tulipita hapo tu, kwa waya huo, na ilitosha.

Kuna kibao kilikuja kipya baada ya matanga. Aliniuliza nje ya mlango, "Hiki nacho, mama?" Kilikuwa kidogo, kinaamka mbio, hakina kelele. Mdomo wangu ukasema Moraa kabla mimi sijasema. Nikasikia anafungua mwavuli na mvua hakuna. Hicho kikikwama hakunipigia. Alipanda mwenyewe kutoka Nyanchwa, anaomba nimpishe, anaingia anakaa huko ndani mpaka chai yangu inapoa kwa stuli.

Halafu akaanza kukonda. Suruali ikamshika kwa mshipi tu. Ni tumbo, ilikuwa imemla ndani siku nyingi, na yeye anasema iko sawa. Alipoanza kulazwa pale Kisii na kutolewa, kulazwa na kutolewa, alikuja na boksi. Akafanya kazi siku yote, mimi kwa ng'ombe nikiangalia mgongo wake kwa mlango. Alifunga swichi ndogo ndogo, kila kibao na yake, na hizo swichi zinasikia amri kwa mtandao. Sasa mashine yake ya Nyanchwa inatuma akili, inangoja kibao kisalimie. Kisiposalimia, mashine inakata umeme yenyewe, inarudisha yenyewe, inajaribu tena, inaandikia wazungu yenyewe, na yeye inampelekea ujumbe kwa simu. Alinieleza hiyo kwa furaha, kama mtu amenijengea choo cha ndani.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Mama, wewe pumzika."

Nikapumzika. Mtu asiniambie kupumzika ni kitu kizuri. Asubuhi naweka simu kwa apron, naenda nayo kwa ng'ombe, naenda nayo kwa shamba, naenda nayo choo. Nilikuwa nasimama kwa mlango wa nyumba ya mabati, nasikia zile swichi zinafanya tak, tak. Kemunto amelala, tak, Kemunto ameamka. Hakuna mtu amekohoa. Kemunto mwenye jina alipita akauliza leo amepita ama amefeli, nikamwambia siku hizi sijui, hawaniambii.

Basi nikachomoa waya. Si waya wa kibao, ule mkubwa wa kulisha swichi zote. Nikakaa kwa stuli, simu kwa paja. Chai yangu haikuwahi kupoa, simu ikalia.

Khm. "Mama. Bwakire." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ni yeye. "Huko umeme umepotea?"

"Umeme uko."

"Basi wote wamelala. Wote pamoja."

"Labda ni Sabato yao."

Alianza kucheka, na kucheka kukamuumiza, nikasikia anashika pumzi. "Mama," akasema, "hebu waangalie." Nikarudisha waya nikamwambia nimeona nini, taa ngapi, nani amepoa, nani ni moto, polepole, mmoja mmoja. Hakuniharakisha. Nadhani alijua. Wiki hiyo hiyo niliwalaza tena, na akapiga tena. Halafu nikawalaza na simu haikulia. Nikangoja mpaka ng'ombe wakaanza kulia wakamuliwe, haikulia.

Nikavaa leso safi nikaenda Kisii.

Dada yake alikuwa nje ya wodi, kwa benchi ya korido, ameshika chupa ya uji haijafunguliwa. Mwanamke mkubwa, anaongea kama anagombana hata akikuombea. "Mama, umefika. Ingia. Amekuulizia."

Nikaangalia mlango. Alikuwa kitanda cha mwisho, miguu nje ya blanketi. "Amelala vile, mimi niingie aje?" nikamwambia. "Mimi ni mama mkwe."

"Mama, hapa ni hospitali."

"Najua ni hospitali."

Akashusha pumzi, akasogea, akanipa nafasi kwa benchi. Tukakaa. Ndio akaniambia, akiangalia hiyo chupa. "Zile swichi alikuja kukufungia, zilikuwa kwangu, chini ya kitanda, tangu Moraa ako hai. Wazungu walizituma na vile vibao. Nilikuwa nikifagia nazigonga, namwambia, si uzifunge, unasumbua mama wa watu kila siku. Akasema," na hapo huyo dada akakohoa, khm, hata yeye alikuwa anaweza kumwigiza, "akasema, nikizifunga nitampigia mama nimwambie nini?"

Nilitoa simu kwa kifua. Namba yake naijua kwa mahali kidole kinaenda. Nikasikia inalia ndani ya wodi, ikalia sana, halafu mtu akamshikia.

"Tata," nikasema. "Bwakire."

"Mama." Nilimsikia mara mbili, kwa simu na kwa mlango. "Uko wapi?"

"Niko nje."

"Naona leso."

"Unasikia aje?"

"Iko..." Akaacha. Akaanza tena. "Tumbo ni moto. Miguu ni baridi. Sioni vizuri huku upande wa dirisha. Naogopa, mama."

Muuguzi alipita na troli, nikavuta miguu. "Mimi pia," nikamwambia. "Sina mtu mwingine wa kunipigia."

Alinyamaza, lakini haikuwa ile ya kwenda kisimani. Nilisikia pumzi yake tu, inapanda, inakwama, inashuka. Halafu akasema, "Ingia."

"Tata, si vizuri."

"Ingia, mama. Mimi sitaangalia."

Nikafunga kitambaa vizuri kichwani nikaingia. Wale wagonjwa wengine walinitazama ninavyopita. Alikuwa amejigeuza uso kwa ukuta, na kugeuka huko kulikuwa kumemmaliza nguvu, shati imeloa mgongo. Nami nikakaa kwa ukingo wa kitanda nikampa mgongo, nikaangalia mlango. Nikafunika ile miguu bila kuangalia. Halafu nikapeleka mkono nyuma kwa blanketi, natafuta kama mtu anatafuta funguo gizani, mpaka nikapata wake. Ulikuwa mwepesi, mkavu. Ukashika.

Dada yake alisimama kwa mlango na ile chupa, hakuingia. Tulikaa hivyo, yeye na ukuta wake na mimi na mlango wangu, mpaka kengele ya wageni ikalia. Muuguzi akaja akasema, "Shosho, saa imeisha." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi si mgeni," na sikuachilia.